Precision Air na Ndege Zake za Pangaboi

Ukitaka kuielewa Precision Air, shirika binafsi la ndege la Tanzania, simama ukiangalia ATR 72, ndege yake ya pangaboi, ikipakia abiria. Kitu cha kwanza utakachokiona ni mtu wa ardhini akichomeka mhimili chini ya mkia. Ndege hii mlango wake wa abiria uko nyuma, mizigo inaingilia mbele, hivyo watu wakijazana nyuma kwa pamoja inaweza kuketi kitako. Cha pili ni injini ya kulia: inanguruma huku panga lake limesimama tuli. Limefungwa kwa breki, injini ifue umeme ndege ikiwa bado uwanjani. Kiwanja kisicho na mtambo wa kuwashia ndege hakiisumbui ATR, na viwanja vya namna hiyo nchi hii inavyo vya kutosha.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mdogo zaidi ya hapo. Mwaka 1993 Michael Shirima, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa East African Airways, alianza na Piper Aztec moja mjini Arusha, ndege ya watu watano, akiwabeba watalii kwa kukodi. Shirika hilo la Afrika Mashariki lilikuwa limevunjika mwaka 1977, na safari za ratiba za ndani zilibaki mikononi mwa Air Tanzania hadi milango ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Walioingia hawakuwa wachache. Waliodumu ndio wachache.

Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa kwa dola milioni 2. Kwa bei ya ndege, hizo ni fedha za vipuri, lakini zilikuja na jina ambalo wakopeshaji walilijua. Baada ya hapo Precision iliagiza ATR mpya saba kutoka Toulouse, mkataba wa dola milioni 129, na ya kwanza ikatua mwaka 2008. Bukoba, Kigoma na Mtwara zikapata usafiri wa ratiba ambao jeti ingeufanya kwa hasara. Kwenye safari ya saa moja na kitu jeti haipati nafasi ya kuonyesha mbio zake, ila mafuta inakunywa vile vile.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuitamani hiyo jeti. Zikaja Boeing 737 zilizokwishatumika, ikaja safari ya Johannesburg. Mwishoni mwa 2011 kampuni ikauza hisa kwa umma, shilingi 475 kila moja, ikitafuta takribani bilioni 28. Zilipatikana kama 12. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2012, Fastjet ilitua na Airbus zake na nauli zilizoanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, ikaanza na njia zile zile zenye abiria wengi, Mwanza na Kilimanjaro. Precision ilibanwa pande zote: tiketi inauzwa kwa shilingi, lakini mkopo wa ndege, vipuri na ukarabati wa injini vinalipwa kwa dola. Jeti zikaondoka, Johannesburg ikafutwa, ATR zikabaki. Fastjet nayo ilifunga safari zake Tanzania mwaka 2018. Ndege zake zilikuwa za viwanja vikubwa, na viwanja vikubwa vyenye abiria wa kutosha ni vichache.

Ajali ya Bukoba haisahauliki. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliingia Ziwa Victoria katika hali mbaya ya hewa, ikikaribia kutua. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Pua ilizama, mkia ukabaki juu ya maji, na mlango ule wa nyuma ndio ulioamua nani atoke. Waliofika wa kwanza hawakuwa kikosi cha uokoaji, bali wavuvi na mitumbwi yao, na jina la mmoja wao, kijana Jackson Majaliwa, likajulikana nchi nzima. Ripoti ya awali ya uchunguzi haikuufumbia macho uzembe wa uokoaji. Kiwanja cha kando ya ziwa kisicho na boti ya uokoaji iliyo tayari ni deni la serikali, si la shirika la ndege.

Shirima alifariki Juni 2023. Alikuwa ameishi vya kutosha kuona serikali, ilipoamua mwaka 2016 kuifufua Air Tanzania, ikianza na Bombardier Q400, nazo pia za mapanga. Watu walizicheka mitandaoni kwa jina hilo hilo la pangaboi, kana kwamba nchi imeuziwa mkweche. Leo Q400 na ATR zinagombania abiria wale wale wa Mwanza na Dodoma, moja ikiwa na hazina ya taifa nyuma yake, nyingine ikiwa na wanahisa walionunua kwa shilingi 475.