Ari ya Kujifunza na Haja ya Kusema: Shughuli za Darasani katika Ufundishaji wa Kiingereza kama Lugha ya Kigeni

1. Utangulizi

Mijadala kuhusu ufundishaji wa lugha za kigeni kwa kawaida hujihusisha na mitaala, vitabu na maarifa ya mwalimu. Ni nadra kuulizwa swali lililo jepesi kuliko hayo yote: mwanafunzi aliyeketi darasani ana haja gani ya kufungua kinywa chake? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuitazama hali ya Kiingereza katika shule za sekondari za Tanzania. Hoja inayotetewa ni kwamba shughuli ya darasani haiamshi ari ya kujifunza kwa sababu tu inafurahisha, wala kwa sababu ina tuzo mwisho wake. Huiamsha pale inapozua haja ya kweli ya kusema, yaani pale mmoja anapojua jambo asilolijua mwenzake, na kazi yao haiwezi kukamilika mpaka jambo hilo lisemwe.

Huenda msomaji akashangaa kuona suala la Kiingereza likijadiliwa miongoni mwa wanaoshughulikia lugha za Kiafrika. Itadhihirika kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya mwanafunzi huyo, na sehemu kubwa ya dawa yake pia, imo katika Kiswahili anachokijua.

2. Hali ya mwanafunzi

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, ilhali shule za sekondari zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike katika sekondari pia, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, katika uchunguzi wao, walionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, lakini desturi ya sekondari haikubadilika. Makala haya hayakusudii kuamua ni lugha gani itumike. Yanamtazama mtoto aliye darasani wakati mjadala huo ukiendelea.

Mtoto huyo amemaliza shule ya msingi akiwa msemaji hodari. Alikuwa akiuliza, akibisha, akisimulia. Anapoingia Kidato cha Kwanza ananyamaza. Mwalimu anasema, ubao unajaa maandishi, daftari linajaa maandishi yale yale, na sauti ya mwanafunzi husikika anapoitikia pamoja na wenzake neno la mwisho la sentensi ambayo mwalimu ameiacha nusu. Kimya hiki hakimaanishi kwamba mtoto hana akili wala hana hamu. Hana neno, na hata lile alilo nalo hana sababu ya kulitoa.

Gardner na Lambert, katika kitabu chao cha mwaka 1972, walitofautisha ari za aina mbili: ile ya mtu anayetaka kujinasibisha na jamii ya wenye lugha, na ile ya mtu anayeitaka lugha kwa manufaa kama vile cheti na kazi. Tofauti hiyo ni ya msaada, lakini katika hali inayojadiliwa hapa kila moja ina upungufu wake. Mwanafunzi wa Kondoa au Kilosa hana jamii ya Waingereza ya kujiunga nayo. Sokoni, garini, kwenye ibada na hata Bungeni, shughuli zake na za wazazi wake huendeshwa kwa Kiswahili. Manufaa nayo yapo, lakini yako mbali. Kazi itakayopatikana baada ya miaka kumi haimsukumi mtoto wa miaka kumi na minne kuuliza swali asubuhi ya leo.

Walimu wametafuta namna mbili za kuliziba pengo hilo. Ya kwanza ni hofu. Desturi ya kumkabidhi kibao au kifungo mwanafunzi aliyeshikwa akisema lugha ya nyumbani inafahamika Afrika Mashariki, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, *Decolonising the Mind*. Lakini adhabu ya namna hiyo hukataza lugha moja bila kumpa mtoto nyingine, na njia rahisi kabisa ya kuikwepa ni kunyamaza. Ya pili ni tuzo. Hapa pia pana tahadhari. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1971, Deci aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani mafumbo ya vipande vya kupanga. Waliolipwa fedha kwa kuyafumbua walionyesha hamu ndogo zaidi ya kuyaendea kwa hiari yao mara malipo yalipokoma. Peremende na kalamu zaweza kuchangamsha kipindi kimoja, lakini zikizoeleka humfundisha mtoto kwamba lugha yenyewe haina ladha.

3. Shughuli zinazoleta haja

3.1 Pengo la habari

Kati ya mwaka 1979 na 1984, N. S. Prabhu na wenzake huko kusini mwa India walijaribu kufundisha Kiingereza kwa njia ya kazi za kutatuliwa badala ya kanuni za kukaririwa. Prabhu alizigawa kazi hizo katika mafungu matatu: pengo la habari, pengo la hoja na pengo la maoni. Neno 'pengo' ndilo ufunguo. Mwalimu anapoinua kitabu na kuuliza ni nini, kila mtu chumbani anajua jibu, na swali halina haja. Pengo likiwapo, swali huwa swali.

Tuchukue mfano wa ukoo. Mwanafunzi wa kwanza ana mchoro wa ukoo wenye majina yote. Wa pili ana mchoro ule ule wenye nafasi tupu, miraba kwa wanaume na miduara kwa wanawake. Mmoja haruhusiwi kuona karatasi ya mwenzake. Majina yamechaguliwa kwa makusudi: Furaha, Riziki, Amani, yaani majina wanayopewa wanaume na wanawake pia. Inajulikana kwamba Kiswahili hakitofautishi jinsia katika 'yeye' wala katika kiambishi cha nafsi cha *a-*, na kwa hiyo wanafunzi wengi huchanganya *he* na *she* hata baada ya miaka mingi. Katika zoezi hili, anayesema *he* akimkusudia mwanamke atamfanya mwenzake aandike jina la Riziki katika mraba. Karatasi zikilinganishwa mwishoni, kosa linaonekana bila wino mwekundu wa mwalimu. Mwanafunzi ametambua kwamba sauti ile ndogo mwanzoni mwa neno ina kazi ya kufanya duniani.

3.2 Hadithi iliyokatwa

Hadithi fupi hukatwa vipande vinne na kugawiwa wanafunzi wanne. Kila mmoja hukisoma kipande chake mpaka akielewe, hurudisha karatasi, kisha huwasimulia wenzake kwa maneno yake. Kundi ndilo linaloamua mpangilio wa vipande.

Shughuli hii inafaa hasa kwa kufundishia *a* na *the*, jambo linalowatatiza sana wasemaji wa Kiswahili. Kipande kinachotaja *a box* hakina budi kutangulia kile kinachotaja *the box*, kwani sanduku haliwezi kuwa linajulikana kabla ya kutajwa. Hapa mwalimu aweza kuwakumbusha wanafunzi kwamba tofauti ya namna hiyo si ngeni kwao kabisa. Anayesema 'nimenunua kitabu' na anayesema 'nimekinunua kitabu' hawasemi jambo moja: katika sentensi ya pili kiambishi cha mtendwa aghalabu huashiria kitabu ambacho msikilizaji tayari anakijua. Lugha mbili zimefika karibu na maana moja kwa njia mbalimbali. Dakika mbili za maelezo hayo kwa Kiswahili huokoa juma zima la kukosoa.

3.3 Vitendawili

Fasihi simulizi ya Kiswahili ina shughuli iliyo kamili kwa kazi hii. Mtegaji huita, hadhira huitikia, fumbo hutolewa, majibu hujaribiwa, na wakishindwa humpa mtegaji mji. Mna pengo, mna kanuni, mna ushindani, na mna adhabu isiyomwaibisha mtu. Ila lazima ikumbukwe kwamba vitendawili vya zamani vikifasiriwa tu, pengo linatoweka: kila mtoto anajua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai. Kwa hiyo wanafunzi, wawili wawili, hutakiwa kutunga vipya kuhusu vitu vya shuleni, kama vile kengele, chaki, ufagio au kivuli cha mlingoti wa bendera. Mashauriano ya kutunga yaweza kuwa kwa Kiswahili, lakini fumbo na jibu hutolewa kwa Kiingereza. Umbo la kitendawili humlazimisha mtungaji kurudia miundo michache, hasa ya kuwa na kitu na kutokuwa nacho, bila kuchoka.

3.4 Kusoma kwa hiari

Haja ya kusema huhitaji akiba ya maneno, na akiba hiyo hupatikana kwa kusoma. Huko Fiji, Elley na Mangubhai waliwapelekea wanafunzi 380 wa shule nane za vijijini vitabu 250 vya hadithi zenye picha, wakawalinganisha na wanafunzi 234 wa shule nne zilizoendelea na mafunzo ya kawaida. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1983, walieleza kwamba baada ya miezi minane waliosoma hadithi walikuwa wamepiga hatua maradufu katika kusoma na katika kuelewa walichosikia. Sanduku la vitabu vyepesi lililo wazi darasani lina thamani kuliko maktaba iliyofungwa kwa kufuli. Likiunganishwa na kazi ya kila mwanafunzi kumsimulia mwenzake kitabu ambacho huyo hajakisoma, pengo linapatikana tena.

4. Vikwazo

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni wingi wa wanafunzi. Shughuli za wawili wawili, hata hivyo, hazihitaji kuhamisha madawati: walio mstari wa mbele hugeuka nyuma, na katika darasa la wanafunzi sitini, thelathini husema kwa wakati mmoja. Maswali na majibu na mwalimu humpa kila mtoto nafasi ndogo mno. Vifaa navyo ni karatasi zilizokwisha kuandikwa upande mmoja.

La pili ni kelele. Kelele za kazi ni tofauti na za utovu wa nidhamu, na mwalimu wa chumba cha pili anaweza kuarifiwa mapema.

La tatu ni kwamba wanafunzi watarejea kwenye Kiswahili. Watarejea, na si vibaya, mradi kazi yenyewe isiweze kukamilika bila Kiingereza. Ndiyo sababu mpaka uwekwe katika zao la shughuli, si katika kila neno linalonong'onwa.

La nne ndilo zito: mtihani wa taifa huandikwa, hausemwi. Lakini mwanafunzi ambaye hajapata kuunda sentensi yake mwenyewe kwa mdomo hataiunda kwa kalamu, na atabaki kukariri za wengine. Ni busara kila shughuli imalizike kwa maandishi mafupi: ukoo ulioelezwa huandikwa, hadithi iliyopangwa hunakiliwa, kitendawili kilichoshinda huingia katika daftari la darasa.

5. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ari si kitu ambacho mwanafunzi huja nacho kutoka nyumbani au hukikosa. Kwa kiasi kikubwa hutokana na namna kazi ilivyopangwa. Mwalimu hana uwezo wa kumletea mwanafunzi jamii ya Waingereza, wala hawezi kumuahidi kazi. Anaweza kugawa karatasi mbili zisizofanana. Funzo hili lawahusu pia wanaofundisha Kiswahili kwa wageni, ambao mara nyingi huwaanzisha kwa orodha za ngeli kabla hawajapata jambo la kuuliza. Mgeni aliyepewa orodha ya bei yenye nafasi tupu, na mwenzake mwenye bei hizo, atalazimika kutofautisha kitabu hiki na vitabu hivi, kwani bila hivyo hatapata bei sahihi.