Lethi Isiyojulikana: Usiamini Kibao

Tangazo huwa fupi: lethi ya zamani, inafanya kazi, njoo na gari. Picha ni moja, imepigwa gizani, na juu ya mashine hiyo ya kuchongea chuma kuna makopo ya rangi. Muuzaji hajui ni aina gani. Aliirithi pamoja na banda. Mnunuzi anabaki na kibao kidogo cha bati chenye jina la kampuni, na hapo ndipo wengi wanapoingizwa mjini.

Chukua Craftsman, jina linalojaa kwenye matangazo ya Marekani. Lilikuwa jina la kibiashara la Sears, kampuni ya maduka, ambayo iliagiza lethi kwa watengenezaji tofauti kisha ikazibandika jina lake. Ukweli umejificha kwenye namba ya modeli: tarakimu tatu kabla ya nukta humtaja aliyeiunda. Ikiwa ni 101, ilitoka Atlas Press ya Kalamazoo, Michigan. Ikiwa ni 109, ilitoka AA Products, na bei inapaswa kushuka papo hapo. Ekseli kuu ya 109, pale inapofungwa chaki, yaani kishikio cha chuma, ina hesi ya nusu inchi tu, na mafundi wanaijua kwa kupinda. Atlas ya inchi 6 ina hesi ya inchi 1 kamili, nyuzi 10 kwa kila inchi. Mtu akiwa na rula tu anaweza kumaliza ubishi huo.

Kibao kikiwa kimeng'oka je? Basi itazamwe bedi, ile reli ambayo kibebeo cha kisu hutembea juu yake. Atlas ya inchi 10 na South Bend ya inchi 9 zote zina hesi ya inchi 1½ yenye nyuzi 8 kwa inchi, kwa hiyo hesi peke yake haitenganishi chochote hapo. Lakini reli za Atlas ni bapa, na za South Bend zina migongo iliyochongoka kama paa la nyumba. Hiyo huonekana hata kwenye picha mbaya. Sumaku nayo ina kazi yake: gia nyingi za Atlas ni za aloi ya zinki, hazishikwi na sumaku, na meno yake yakikatika hayaungwi kirahisi.

Vipimo vina mtego wao. Mmarekani huitaja lethi kwa kipenyo cha chuma kinachoweza kuzunguka juu ya bedi. Mwingereza hutaja nusu ya hapo, yaani kimo kutoka kwenye bedi hadi katikati ya ekseli. Ndiyo maana Myford ML7 ya Beeston, karibu na Nottingham, huitwa ya inchi 3½ kwao, na ng'ambo ya bahari ikawa ya inchi 7. Mashine ni ileile.

Kisha kuna ndugu wanaofanana mno. South Bend ya inchi 9, iliyotengenezwa Indiana, iliigwa na Boxford wa Halifax, Uingereza, na Hercus wa Adelaide, Australia. South Bend na Boxford walitumia hata herufi zilezile. Modeli A ina sanduku la gia la kubadilisha mwendo haraka. B haina sanduku hilo ila kisu huweza kusukumwa kwa nguvu ya mashine kukatiza chuma. C haina vyote viwili. Kwa hiyo anayeuza C kwa bei ya A ana kila sababu ya kutopiga picha ya upande wa kushoto.

Kwa South Bend, namba ya mfululizo imegongwa juu ya bedi, mwisho wa kulia, mara nyingi chini ya grisi iliyoganda na rangi ya kupaka juu juu. Namba hiyo hutaja umri. Uchakavu haitaji: huo hupimwa kwa kukaza kibebeo karibu na chaki, kisha kukisukuma hadi mwisho wa bedi. Kikigoma huko, bedi imelika pale kilipofanya kazi kila siku.

Kabla ya kukodi gari, basi, mwombe muuzaji picha ya mwisho wa bedi baada ya kuifuta kwa mafuta ya taa, picha ya gia zikiwa wazi, na rula ikiwa imewekwa kwenye hesi ya ekseli. Rula ikisoma nusu inchi, mshukuru na utafute tangazo jingine.