Umbo na Mwendo wa Kimeng'enya DHFR katika Usugu wa Vimelea vya Malaria dhidi ya SP

Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuifanya SP, yaani salfadoksini na pirimethamini, kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Mwaka 2006 dawa mseto ya ALu iliteuliwa badala yake, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimejenga usugu. Hata hivyo, mjamzito wa Kirongwe, Kisiwani Mafia, sawa na wenzake kwingineko Tanzania Bara, bado hupewa SP kliniki kama kinga. Sehemu hii inafafanua usugu huo ndani ya kimeng'enya kinacholengwa na pirimethamini: dihidrofoleti ridaktesi (DHFR).

DHFR huipokea sabstreti yake, dihidrofoleti, na kwa kutumia NADPH huibadili kuwa tetrahidrofoleti, ambayo kimelea huihitaji ili kutengeneza DNA. Mfano wa kufuli na ufunguo, uliotolewa na Emil Fischer mwaka 1894, hautoshi kueleza kazi hiyo. Katika DHFR ya bakteria Escherichia coli, kitanzi kimoja cha protini hulifunika eneo tendaji, kisha hubadili mkao ili zao litoke. Hivyo, ufungamano hutegemea umbo na mwendo kwa pamoja.

Muundo wa DHFR ya Plasmodium falciparum, uliochapishwa mwaka 2003, ulidhihirisha uzito wa badiliko dogo. Katika nafasi ya 108, serini inapopishwa na asparajini, ambayo ni kubwa zaidi, asparajini hiyo hugongana na pete ya pirimethamini yenye klorini. Molekuli ya dawa hii haipindiki vya kutosha kuukwepa mgongano huo. Dihidrofoleti haifiki mahali hapo. Kwa hiyo kimeng'enya huendelea na kazi. Mabadiliko katika nafasi za 51 na 59 yanapoongezeka, usugu huzidi. Kinyume chake, kampaundi WR99210, yenye mnyororo unaopinda, huukwepa mgongano.

Maelezo haya peke yake hayapimi kinga anayoipata mjamzito, kwani salfadoksini hulenga kimeng'enya kingine, na tafiti zimeonesha kuwa SP huweza kuboresha uzito wa mtoto anapozaliwa hata palipo na usugu. Yanatoa, hata hivyo, kigezo cha kuchagulia dawa mbadala: ikae ndani ya nafasi ileile inayokaliwa na dihidrofoleti. Kimelea kitakachoibana nafasi hiyo ili kuizuia dawa kitaizuia pia sabstreti kinayoitegemea.