Max Schreck: Sura Nyuma ya Orlok
Max Schreck, mwigizaji wa Kijerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1879, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake jukwaani, ikiwemo chini ya mwongozaji Max Reinhardt, ingawa dunia humkumbuka kwa filamu moja tu, Nosferatu ya mwaka 1922. Katika filamu hiyo bubu, yaani isiyosikika sauti, ambapo maneno ya wahusika husomwa kwenye skrini, aliigiza Orlok, mfu anayefyonza damu ya walio hai, mwenye kipara, masikio yaliyochongoka na kucha ndefu, ambaye kivuli chake hupanda ngazi huku mwenyewe haonekani. Jina Schreck, lenye maana ya hofu ya ghafla, lilikuwa lake la ukoo, wala halikubuniwa kuwatisha watazamaji. Alifariki Munich mwaka 1936.