Mbwa Aliyefichwa Siku ya Sindano

Wakulima wengi wa skimu za upande wa Timau na Ontulili wamjua mzee huyu kwa mbwa wake kuliko kwa viazi vyake. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hilo ndilo sharti aliloniwekea aliponiruhusu kuandika habari zake. Amefuga mbwa wa kazi kwa zaidi ya miaka 50. Baba yake alipopata shamba katika miaka ya 1960, wakati mashamba ya walowezi yaliponunuliwa na kugawiwa wananchi, walihamia na ng'ombe wawili na mbwa mmoja. Mzee husema kwamba mbwa yule ndiye aliyelipa mkopo wa kwanza wa shamba, maana pasipo yeye nungunungu wangalivimaliza viazi ardhini kabla ya mtu kuvichimba.

Katika ujana wake alipenda sana kupiga ndege kwa bunduki. Alikuwa na bunduki ya marisawa yenye cheti, na Jumapili alitoka na mbwa wake kutafuta kwale na kanga, leseni mfukoni. Mwezi wa Mei 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama katika Kenya nzima, lakini ndege waliruhusiwa bado kwa leseni, naye akaendelea miaka kadhaa. Mwisho alipoona macho yamepungua nguvu aliipeleka bunduki kituo cha polisi mwenyewe, akaisalimisha, akapewa karatasi. "Usipoona vizuri kilicho nyuma ya ndege, huna haki ya kubeba bunduki," aliniambia. Karatasi ile ameitundika ukutani kando ya picha ya harusi. Tangu siku hiyo ulinzi wote wa shamba ni juu ya mbwa.

Sasa anao wawili. Popi ni jike mzee, mwekundu, sikio moja limepasuka. Simba ni dume wa miaka miwili, mwenye kifua kipana, na Mzee hawezi kumtaja bila kutabasamu.

Jumatatu moja asubuhi Mzee aliingia afisini kwetu, akaweka mfuko wa viazi juu ya meza yangu, akaketi. Mimi ni karani wa kilimo, lakini kwa kuwa watu wa mifugo tuko nao nyumba moja, daftari la chanjo ya mbwa hukaa kabatini mwangu. Mzee huniita Mwalimu, kwa sababu ajua nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi hii.

"Mwalimu," akasema, "nataka uniandikie karatasi ya Simba. Uandike tarehe ile ya mwaka jana, siku mliyokuja uwanjani kwa chifu."

Nikafungua daftari. Popi yumo. Simba hayumo.

"Mzee, siku ile Simba alikuwa wapi?"

Akatazama kofia yake. Akasema alikuwa amemfungia ghalani. Kuna maneno huku kwetu kwamba sindano ya kichaa huua pua ya mbwa na kumtoa ukali, akawa kama kondoo. Popi alikuwa mzee, basi hakuona hasara kumpeleka. Simba alimficha.

Kisha akaeleza kilichomleta. Juzi yake, jioni, mbwa asiyejulikana alitokea upande wa mto. Alitembea akiyumba, mdomo wazi, mate yakining'inia, wala hakutazama mtu. Akapita katikati ya kondoo bila kuwajali, akamvamia Simba mlangoni. Popi naye akaingia vitani. Mbwa wote wawili waliumwa kabla ya vijana kumwua mgeni yule kwa fimbo. Usiku ule mjukuu wa Mzee, mtoto wa miaka minane, ndiye aliyemwosha Simba vidonda kwa mikono yake, mikono iliyokuwa na michubuko ya miiba.

Mzee alijua sheria vizuri. Alijua kwamba mbwa asiyechanjwa akiumwa na mbwa wa namna ile, huenda akaamriwa auawe. Ndiyo sababu ya karatasi na ya viazi.

Nakiri kwamba niliona huruma. Mtu aliyekuwa sawa na baba yangu alikuwa mbele yangu akiomba, na kuandika mstari mmoja ni kazi ya dakika moja. Lakini nikamwambia: "Baba, nikiandika hivi, karatasi hii itafika hospitali. Daktari atauliza mbwa alichanjwa, nawe utasema ndiyo. Halafu kijana atarudishwa nyumbani bila sindano."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Akainuka, akauchukua mfuko wake wa viazi, akasema, "Niitie Daktari wa mifugo."

Kichaa cha mbwa si jambo geni katika nchi hii. Ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi, na haujatoka tangu wakati huo. Ugonjwa hukaa katika mate. Huingia mwilini kwa jino, au mate yanapogusa kidonda, jicho au mdomo, ndipo husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo yaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Wakati huo wote mbwa hula, hucheza na kulinda kama kawaida, na hapo ndipo watu hudanganyika. Dalili zikitokea, mbwa hufa katika siku chache. Mtu naye, dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili dawa ipo, na imekuwapo tangu Louis Pasteur wa Ufaransa alipomdunga mtoto aliyeumwa na mbwa, mwaka 1885.

Basi Daktari alipofika nyumbani kwa Mzee, kwanza hakumwuliza habari za mbwa. Aliuliza habari za mtoto. Akaagiza mikono yake ioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi ya kutiririka, muda wa dakika 15 kwa saa, ingawa siku mbili zilikuwa zimepita, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Mate ya mbwa mgeni yalikuwa yamelowesha manyoya ya Simba na vidonda vyake, na mtoto aliyagusa. Alianzishwa sindano, akaandikiwa tarehe za kurudi. Mama yake alizibandika tarehe hizo nyuma ya mlango wa jikoni, wala hakukosa hata moja.

Mbwa mgeni alikuwa ametupwa kichakani. Kwa bahati waliompiga hawakuvunja kichwa, kwa maana ugonjwa huu hupimwa katika ubongo, na fuvu likipondwa kipimo huharibika. Daktari alivaa glavu, akakitia kichwa ndani ya barafu, kikapelekwa maabara ya Kabete. Jibu lilirudi: kichaa.

Kwa mbwa wa Mzee hukumu zilikuwa mbili. Popi, mwenye chanjo ya kila mwaka, alidungwa sindano nyingine siku hiyo hiyo, afungwe na kuangaliwa siku 45. Simba, asiye na chanjo, auawe. Au kama mwenyewe yuko tayari kwa taabu na hatari, adungwe sindano na kufungiwa peke yake miezi sita, asiguswe na mtu wala mnyama. Mzee alichagua taabu.

Tulipokuwa tukimjengea Simba banda tulizungumza mengi, na mengine yafaa yafike kwa wasomaji. Kwa habari ya pua, Mzee mwenyewe alikiri kwamba Popi amedungwa kila mwaka maishani mwake, na hata leo ndiye anayemgundua nungunungu kwanza. Mbwa huchanjwa tangu umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mbwa wa jirani nao wachanjwe, kwa kuwa ugonjwa husimama pale tu mbwa 7 katika kila 10 wanapokuwa na chanjo.

Mahindi yenye kuvu wengi huwatupia mbwa, wakidhani tumbo la mbwa halina neno. Sivyo. Sumu ya kuvu ile ile iliyoua watu zaidi ya 100 mwaka 2004 pande za Makueni na Kitui huharibu ini la mbwa pia. Wala usimpe mapafu au ini bichi la kondoo lenye malengelenge ya maji. Mbwa hupata tegu humo, na mayai ya tegu humrudia mtoto anayemshika.

Wenzetu wa skimu za chini, Mwea ya Embu na pande za Tharaka, wana shida nyingine. Mbwa akishushwa kutoka baridi ya Timau mpaka kwenye mbung'o, mara nyingi hukonda, jicho hugeuka jeupe kama maziwa, na mwenyewe hufikiri amepigwa fimbo. Ni nagana, hii hii ya ng'ombe. Yatibika ikiwahiwa.

Tena, mbwa ni mlinzi na mpiga kelele tu. Sheria ya Wanyama Pori ya mwaka 2013 yakataza kuwinda hata kwa kitoweo, na mbwa wako akiletewa sifa ya kuua digidigi, aitwaye mbele ya hakimu ni wewe. Na kwa ndovu, iwe wa msitu wa Mlima Kenya au wa Hifadhi ya Mwea, mbwa ni hatari. Humbwekea, kisha humkimbilia mwenyewe, na ndovu huja nyuma yake. Mfungie, ukapige simu kwa askari wa wanyama.

Banda la Simba lina milango miwili, mmoja ndani ya mwingine, na sahani husukumwa kwa mti mrefu. Anayemlisha ni Mzee peke yake. Popi alimaliza siku zake 45 salama, lakini miguu yake ya nyuma imechoka na hawezi tena kuzunguka shamba zima. Mtoto amemaliza sindano zake na yuko shuleni. Ninapoandika haya Simba ana miezi miwili ndani, anakula vizuri, na bado imebaki minne. Nungunungu wakija usiku yeye ndiye anayewasikia kwanza. Hubweka huko huko bandani, na Mzee huamka, huchukua tochi na debe, akaenda mwenyewe.