Mzazi, mtoto yuko msafarani kweli?

Masomo: Luka 2:41-51, Kumbukumbu la Torati 6:4-9



Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 hatujaisahau. Nyiragongo ilipasuka, anga likawa jekundu, watu wa Goma wakajaa barabarani usiku, wengine kuelekea Sake, wengine mpakani Rwanda. Katika msongamano ule wazazi wengi waliachana na watoto wao. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao. Hakuna mzazi aliyekusudia kumwacha mtoto. Kila mmoja alidhani: yuko na mama yake, yuko mbele na majirani.

Yusufu na Maria nao walidhani. Yesu alikuwa na miaka 12. Walitoka Yerusalemu baada ya Pasaka, wakatembea siku nzima wakidhani yuko kati ya wasafiri wenzao. Tuangalie vizuri: hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa wanatoka kwenye sikukuu ya Bwana. Basi mtu anaweza kutoka ibadani akiwa amempoteza mtoto, wala asijue mpaka jioni.

Hapa ndipo Neno linatugusa. Tunawahi maombi ya asubuhi, tunashinda sokoni Virunga au Birere, jioni kuna kwaya, Ijumaa kuna mkesha. Tangu mabenki yafungwe mjini Januari 2025, tunajua jinsi faranga inavyotafutwa, na kutafuta chakula cha watoto si dhambi. Lakini tukirudi, mkono mmoja uko kwenye sahani, mwingine kwenye simu. Mtoto anaanza kusimulia, tunaitika bila kusikia. Mwili uko nyumbani, moyo uko kwenye deni la kesho. Tunadhani yuko nasi, kwa sababu kila Jumapili tunamwona kanisani. Sisi watumishi tujihukumu kwanza: tumewaombea watoto wa kanisa zima, na wa kwetu wamelala bila kutuona.

Musa hakuwadai wazazi saa ambazo hawana. Alitaja nyakati nne ambazo hata maskini anazo.

Tunapoketi nyumbani: simu ikae kando mpaka chakula kiishe. Kila mtoto aseme jambo moja la siku yake, tumsikilize mpaka mwisho, bila kumkatiza kwa karipio, wala kwa mstari wa Biblia.

Tunapotembea njiani: tukienda naye kuteka maji au kanisani, tusiwahi mbele tukamwacha nyuma. Njiani mtoto husema yale yanayomshinda kusema tukiwa tumemkazia macho.

Tunapolala: tumwekee mkono kichwani, tumwombee kwa jina lake, kwa sauti anayoisikia. Watoto wa mji huu wamesikia mabomu. Wanahitaji kujua nani yuko karibu giza likiingia.

Tunapoamka: tumsalimu kabla ya kumtuma.

Labda mzazi mmoja anasema, "Mimi nimechelewa, wangu amekuwa mkubwa na hasemi nami tena." Tumtazame Yusufu na Maria. Walipojua kwamba hayupo, hawakuendelea na safari. Walirudi, na siku ya tatu wakampata. Kurudi ndiyo toba ya mzazi. Tumwambie mtoto: "Mwanangu, siku ile ulipokuwa unaniambia habari zako, sikukusikiliza. Unisamehe. Niambie tena." Mzazi hapotezi heshima kwa maneno hayo. Na kama mtoto aliyezoea kunyamaza hatajibu siku ya kwanza, tusikasirike. Hata Yesu alipopatikana, wazazi wake hawakuelewa jibu alilowapa. Maria hakumfokea, aliyaweka mambo hayo moyoni, wakarudi pamoja Nazareti.

Usiku ule wa volkano, aliyekuwa na mtoto wake alimshika mkono kwa nguvu. Moto ulipotulia tuliuachia, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Leo jioni, wapendwa, kabla ya kuzima taa, tuhesabu tena watoto wetu. Tusihesabu vichwa tu. Tuulize: huyu, leo, amesema nini nami?

Bwana atusaidie tusidhani, bali tujue. Amina.