Nyumba Ndogo ya Windsor, na Jinsi ya Kumwonyesha Mtoto

Wasikilizaji wetu, na ninyi vijana mtakaoyasoma maneno haya shuleni, leo twataka kuwaeleza habari za nyumba moja yenye vitanda visivyolaliwa na mtu, na vitabu vidogo mno. Kisha tutaeleza namna ya kumpeleka mtoto mdogo kutazama kitu kama hicho, maana jambo hilo sisi wenyewe tulilifanya vibaya kabla ya kujifunza kulifanya vema.

Nyumba hiyo iko Uingereza, katika ngome ya kifalme ya Windsor, magharibi ya London. Ni nyumba ya wanasesere, yaani watoto wa bandia, nayo ilitengenezwa iwe zawadi kwa Malkia Mary, mkewe Mfalme George wa Tano. Shauri la kuitengeneza lilitoka kwa Princess Marie Louise, binamu yake Mfalme, katika mwaka 1921. Sir Edwin Lutyens, bingwa wa kuchora majumba, aliichora. Na mafundi wengi wa kila namna, maseremala, wahunzi, wafumaji na wachoraji, wakaungana katika kazi hiyo hata ikaisha mwaka 1924. Mwaka huo huo iliwekwa Wembley, katika Maonyesho makubwa ya Dola ya Kiingereza, na watu zaidi ya milioni moja na nusu wakaiona. Baadaye ikapelekwa Windsor, na huko ndiko iliko.

Pengine mtu atauliza, Je, watu wazima wenye akili watatumiaje miaka mitatu kutengeneza mchezo wa mtoto? Jibu ni kwamba nyumba hiyo haikuwa ya kuchezewa. Ilikusudiwa kuonyesha ustadi wa mafundi wa wakati ule, na kukusanya fedha kwa ajili ya kazi za huruma alizozisimamia Malkia. Waandishi mashuhuri, kama Sir Arthur Conan Doyle, waliandika kwa mkono vitabu vidogo vya kuwekwa katika maktaba yake. Katika nyumba hiyo zimo taa za umeme, na lifti za kupanda na kushuka, na mabomba yaliyotengenezwa yapitishe maji ya moto na ya baridi. Chini yake mna saraka, nayo ikivutwa yatokea bustani nzima, iliyopangwa na Bibi Gertrude Jekyll, aliyesifika sana kwa elimu ya bustani.

Sasa na tueleze siri ya nyumba hiyo, nayo ni hesabu ambayo kila mwanafunzi aweza kuifanya. Futi moja ina inchi 12. Mafundi walipatana kwamba kila kilicho futi moja katika nyumba ya kweli kiwe inchi moja katika nyumba ndogo. Basi mlango wa futi 7 huwa inchi 7. Kiti ambacho mahali pake pa kukalia pana kimo cha inchi 18 huwa na kimo cha inchi moja na nusu. Kikombe cha inchi 3 huwa robo ya inchi. Na wewe msikilizaji, ukiwa na kibanda chenye upana wa futi 12, ukitaka kukijenga upya kwa kipimo hicho, kitakuwa na upana wa futi moja tu, nacho chaweza kukaa juu ya meza yako.

Kanuni hiyo ni moja, lakini haina huruma. Kikombe kimoja kikizidi kipimo, macho hutambua mara moja, na chumba chote hugeuka kuwa kichekesho. Tena viko vitu visivyokubali kupunguzwa. Ukipunguza bomba, tone la maji halipungui pamoja nalo, bali huning'inia pale likiwa kubwa kama boga. Ukikata shuka ndogo katika nguo ya kawaida, haiangukii kitandani ikalala, bali husimama kama ngozi iliyokauka. Hapana budi kutafuta nguo ya nyuzi nyembamba mno. Hata ubao una mistari yake, na mistari iliyo mizuri katika kabati kubwa huonekana mipana kama njia za ng'ombe katika kabati la inchi 6. Kwa hiyo fundi wa vitu vidogo lazima awe fundi wa kweli, kisha aongeze saburi.

Mwaka tuliokuwa Uingereza kwa mafunzo ya ualimu, tulimchukua binti yetu wa miaka 5, tukapanda gari la moshi mpaka Windsor. Sisi tulikuwa tumesoma habari za nyumba ile, na kichwa chetu kilijaa majina na miaka. Tulipofika mbele ya kioo tukaanza kumfundisha: huyu ndiye aliyechora, hawa ndio waliotoa, hii ndiyo hesabu yake. Tukasema kwa muda mrefu. Mwisho tukamwuliza, "Umeona, mwanangu?" Akajibu kwa adabu, "Baba, nimeona migongo ya watu."

Tukaona haya. Tulikuwa tumesimama na macho yetu juu, na yeye alikuwa chini, katikati ya makoti. Basi tukamwinua mikononi hata macho yake yakawa sawa na vyumba, tukanyamaza. Hapo ndipo alipoanza kuona. Alitazama chumba cha kuogea muda mrefu kuliko vyumba vyote. Hakuuliza habari za Mfalme wala za Malkia. Aliuliza, "Baba, maji yanatoka?" Kisha, "Sabuni iko wapi?" Akatafuta mwenyewe kwa macho, chumba baada ya chumba, kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Halafu akauliza neno ambalo hatukulitazamia. "Baba, hawa watu waliojenga, hawakugombezwa?"

Tukasema, "Kwa nini wagombezwe?"

Akasema, "Kwa kuchezacheza."

Wasikilizaji, hatukuweza kumjibu upesi, maana tulikumbuka jambo. Miaka mingi nyuma, tulipokuwa mwalimu kijana, palikuwa na mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliyejenga nyumba ya udongo nyuma ya shule. Iliezekwa kwa nyasi, na uani palikuwa na mafiga matatu ya vijiwe na kifuu cha kupikia. Ndani alimlaza gunzi lililovikwa kitambaa, ndiye mwanawe. Siku moja kengele ilipigwa, na mtoto yule hakuisikia. Tulikwenda kwa hasira, tukaibomoa nyumba ile kwa mguu wetu mbele ya wenzake, tukasema shule si mahali pa upuzi. Tangu siku ile hakuchelewa tena. Lakini pia hakujenga tena, wala hatukumwona akiuliza neno darasani. Wakati ule tulidhani tumemfundisha kutii. Pale Windsor, tukiwa na mtoto mikononi, tulitambua kwamba mlango wa nyumba ile ulikuwa na kimo sawasawa na gunzi lile, na mafiga yalikitosha kifuu. Mtoto yule alikuwa amekwisha kupima. Hesabu tuliyokuja kuisifu ng'ambo ya bahari tuliivunja nyuma ya shule yetu wenyewe.

Basi, kwa wazazi na walimu watakaopata nafasi ya kumpeleka mtoto mdogo kutazama vitu vya namna hii, popote vilipo, twasema haya.

Kwanza, mwandae kabla ya kuondoka. Mwambie kwamba vitu hivyo ni vya kutazamwa tu, wala havishikwi, na umweleze sababu, kwamba vyavunjika upesi. Mtoto akijua sababu hutii kwa moyo.

Pili, aende akiwa ameshiba na hajachoka. Mwenye njaa haoni ila chakula.

Tatu, shusha macho yako mpaka yalipo macho yake, au mwinue mpaka yalipo yako. Usimwambie "tazama" kabla hujajua kama aweza kuona.

Nne, usimwonyeshe vyote. Mpe kitu kimoja cha kutafuta, kama saa, au ngazi, au kikombe, kisha unyamaze. Atakapouliza, jibu swali aliloliuliza, si lile ulilolijia tayari.

Tano, ondokeni kabla hajachoka, angali akitaka kubaki.

Sita, nalo ndilo kubwa, mkirudi nyumbani mpe udongo, mabua, kibiriti kitupu na kipande cha kitambaa, umpe na nafasi. Mwulize, "Mtu wako ana urefu gani? Mlango wake utamtosha?" Hapo utakuwa umeanza kumfundisha kipimo pasipo ubao wala chaki.

Na ninyi mlio mbali na Windsor, msisikitike. Watoto wetu hawajangoja kuonyeshwa. Pwani huchonga ngalawa ndogo zenye tanga la jani, na bara hukunja waya wakapata magari yenye usukani unaogeuka. Piteni polepole penye kazi hizo, mkainame na kutazama.

Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Sisi tuliuwahi kwa mguu. Siku hizi, kengele inapopigwa na mtoto mmoja hakutokea, twakwenda nyuma ya shule taratibu, twachutama, twauliza kwanza nani akaa katika nyumba hii. Akisha kutueleza, twarudi naye darasani, na nyumba twaiacha isimame mpaka mvua.